Kilichozikwa Upenuni

"Nimesema simwinui. Nikisema jambo mara mbili, ujue hakuna la tatu."

"Basi liseme hilo la tatu, maana hayo mawili sikuyasikia," Titinia alimjibu mumewe. "Nilikuwa namsikiliza mtoto."

Mtoto alikuwa sakafuni katikati yao, juu ya kipande cha sufu, akirusha ngumi zake hewani kama anayegombana na dari. Alizaliwa alfajiri. Sasa mwanga wa dirisha ulikuwa umeshatambaa hadi mguu wa meza ya kazi, na midomo yake ilikuwa haijagusa ziwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa Roma: mtoto hapewi maziwa kabla ya kupewa baba. Mkunga humlaza chini, mwenye nyumba huinama akamwinua, na hapo ndipo huwa mtu. Mwenye nyumba asipoinama, mtoto ni kitu kilichoanguka sakafuni, na vilivyoanguka sakafuni hufagiwa.

Baba yake angeinama. Lakini Prokulo, mwana pekee wa Titinia, aliondoka mwaka jana akiswaga nyumbu wa jeshi kwenda vitani mashariki, na miezi minne iliyopita ulirudi mkanda wake bila yeye. Kwa hiyo wa kuinama alikuwa babu: Ofilio, mchonga mihuri wa kiwanda cha sarafu, mtu mfupi mwenye mabega mapana na kifuko cha ngozi shingoni, aliyesimama pale amefumbata mikono kwapani kana kwamba anaogopa isije ikamtoroka ikaenda yenyewe kwa mtoto.

"Angekuwa wa kiume," alisema, "nisingengoja uniambie."

"Angekuwa wa kiume ungekuwa umeshampeleka sokoni kumtembeza. Najua. Nimeishi nawe miaka ishirini na miwili, Ofilio, si miwili."

"Basi tumia akili yako, mama Prokulo, wewe si mwenye akili? Baba yake Apronia ameshamtafutia binti yake mume mwingine. Mwoka mikate, mjane, mtu mzima. Anataka mke, hataki mke na furushi. Akiondoka Apronia, huyu atalelewa na nani? Na mimi macho yangu..." Akamtupia jicho mkunga.

Macho yake hayakuwa jambo la kutajwa mbele ya mkunga. Yalianza kufa miaka mitatu iliyopita, pole pole, kama taa inayoishiwa mafuta. Kiwandani waliamini bado anachora vizuri. Hawakujua kwamba vielelezo vya nta anavyovibeba kila mara chini ya joho lake huchongwa na mkewe, hapo mezani, kwa sindano ya mfupa. Yeye huvipeleka, na vijana wenye macho huvinakili kwenye chuma.

Kielelezo cha safari hii kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa bakuli ili nta isipate vumbi. Kilitakiwa leo. Mke wa Kaisari alikuwa amejifungua tena, na dola ilitaka kufurahi kwa shaba. Upande mmoja uso wake, nywele zimefungwa kisogoni. Upande wa pili Bibi Uzazi, mungu wa kike mwenye shingo ndefu, amesimama na watoto wanne.

"Wanne!" Titinia aliinyoshea kidole meza. "Umenikalisha siku tano, shingo imekauka, niwachonge wawili mikononi na wawili miguuni. Wa kwanza ana kidevu, wa pili ana kitovu. Wanne wa watu unawabeba chini ya joho kama mayai. Huyu wako mmoja, mgongo unakuuma?"

"Wale ni wa nta. Hawali."

Kitandani, nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, Apronia alijigeuza kwa taabu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu alfajiri alikuwa amesema maneno machache kuliko mtoto wake.

"Mama," aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Maziwa yanatoka. Yanalowesha nguo."

"Yaache yatoke, mwanangu. Wewe unamtaka huyu mtoto? Sema. Si baba yako, si mwoka mikate. Wewe."

Apronia akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa lugha ya kigeni. "Kwani huwa tunaulizwa?"

Ofilio akashusha pumzi. Alipogeuka, hakumgeukia mkewe wala mkwewe. Alimgeukia mkunga, aliyekuwa pembeni akikunja vitambaa vyake. Trifosa alikuwa mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuwaosha maiti wa nusu nyingine.

"Bibi, mchukue. Unajua pa kumpeleka."

Trifosa aliendelea kukunja. Alikunja kitambaa cha kwanza, akakunja cha pili, akaviweka kikapuni. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Simbebi."

"Ni kazi yako."

"Kazi yangu ni kutoa, si kutupa. Nilishambeba mmoja kutoka nyumba hii. Wa pili simbebi, hata ukinipa kiwanda kizima."

Kuna maneno yanayoingia masikioni na kukaa mlangoni kwanza, yakisubiri kukaribishwa. Titinia aliyasikia. Aliona hata Apronia ameyasikia, maana mdomo wake ulibaki wazi. Lakini hayakuwa na pa kukaa, kwa hiyo aliyafukuza.

"Umechanganya nyumba, bibi," alisema, karibu kwa upole. "Ni uzee. Sisi tulizaa wawili tu. Prokulo, na yule binti aliyetoka hapumui. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Yuko pale nje, upenuni."

Trifosa aliinua macho. Hakumtazama Titinia, alimtazama Ofilio, na katika kutazama kule mlikuwa na mambo mawili: kwanza swali, halafu, lilipokosa jibu, hofu.

"Hukumwambia?" aliuliza. "Ofilio. Miaka yote hii, hukumwambia?"

"Nyamaza, bibi."

"Mimi nilidhani anajua!" Mkunga alijipiga paja. "Jamani, mimi nilidhani anajua! Kila nikipita mwanzo wa mwezi namwona anamwaga maziwa pale, nikasema, haya, anawafunga majirani macho, nani hafanyi hivyo? Nyumba ngapi hapa zina kaburi la kuwaonyesha watu? Mama Prokulo, haki ya miungu, mimi nilidhani ni la kuwaonyesha watu."

Titinia hakulia. Jambo la ajabu, alianza kuhesabu. Mwaka ule wa yule binti ndio kwanza Bibi Uzazi alichongwa kwa ajili ya mke wa Kaisari, kwa uzao wake wa kwanza: mtoto mmoja tu mkononi. Ofilio alikuwa na macho ya mwewe wakati huo. Yeye Titinia alikuwa na tumbo kubwa, Prokulo alikuwa na miaka miwili. Mto ulifurika, ghala za ngano zikaoza, watu wakala maganda. Akajifungua. Akashikwa na homa siku tatu, na jioni ya siku ya tatu mumewe akamwekea mikononi kitu kilichofungwa sufu kuanzia juu hadi chini, akamwambia asikifungue, kuona kutamzidishia. Hakukifungua. Alikipakata kifuani, akakiegemeza shavu.

Alikuwa baridi. Hilo ndilo alilobaki nalo kwa miaka kumi na minane. Wanawake wengine waliopoteza watoto walikumbuka jicho, au ukucha, au kilio kimoja. Yeye alikumbuka baridi yake na uzito wake, na alivitunza hivyo viwili kama mtu anavyotunza pete.

Watoto wa umri ule hawapelekwi makaburini. Huzikwa nyumbani, upenuni, pale matone ya paa yanapochimba mstari wake. Na kila siku ya kwanza ya mwezi Titinia alimwaga pale bakuli la maziwa na asali. Leo ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi. Bakuli lilikuwa tayari, juu ya rafu, limefunikwa kwa jani la mtini.

Alivuka sakafu akimzunguka mtoto kwa uangalifu, akachukua koleo la majivu kando ya jiko, akatoka uani.

"Titinia." Ofilio alimfuata hadi mlangoni. "Titinia, usichimbe. Ni mwiko kufukua kaburi."

Alipiga magoti. Ardhi ilikuwa laini; miaka kumi na minane ya maziwa imeilainisha.

"La nani?" aliuliza.

"Nini?"

"Kaburi. Nakuuliza la nani, nijue nimuombe nani radhi."

Akachimba. Hakulazimika kwenda mbali. Mtu aliyezika hapa alizika kwa haraka, au kwa aibu. Kwanza ulitoka uzi wa sufu, mweusi kama mzizi. Kisha koleo likagonga, na mlio wake haukuwa mlio wa mfupa. Titinia aliishi maisha yake yote na mlio huo. Angeutambua hata usingizini.

Chuma.

Aliingiza mikono yote miwili, akakitoa, akakipakata bila kutaka. Mikono yenyewe ndiyo iliyofanya hivyo, ilikumbuka. Uzito ulikuwa uleule. Baridi ilikuwa ileile. Alikuwa amempakata huyu. Huyu ndiye aliyemwegemezea shavu.

Ulikuwa muhuri wa kupigia sarafu, kipande kinene cha chuma kilicholiwa na kutu, chenye uso wa shaba uliogeuka kijani. Alifuta uso kwa kidole gumba. Picha za mihuri huchongwa kinyume, kushoto kuwa kulia, na watu wengi hawawezi kuzisoma. Titinia alizisoma kama wengine wanavyosoma vibao vya maduka. Bibi Uzazi, peke yake, na mtoto mmoja. Kazi ya mkono wa Ofilio, enzi za macho yake, kila mkunjo wa vazi umekaa mahali pake. Na ufa, mwembamba kama unywele, uliotoka ukingoni ukapita katikati ya mungu na mtoto.

Kutoka ndani kilisikika kilio. Hakikuwa kikali tena. Kilikuwa kimeanza kuchoka.

"Ulikuwa unaweweseka," alisema Ofilio juu yake. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mtu anayezungumza kupitia ukuta. "Ulikuwa unamwita. Nyumba ilikuwa na kikombe kimoja cha unga, Prokulo ametoka mbavu. Mmoja au wote wawili, Titinia. Nikampa bibi. Halafu niliporudi nikakukuta umenyoosha mikono hivi, unanyoosha tu, na mikono mitupu. Muhuri ulikuwa kwenye mfuko wangu wa kazi. Ulipasuka siku ile, nikatumwa niupeleke kwa mhunzi ukayeyushwe. Nilitaka tu uwe na kitu cha kushika. Basi."

"Ukaniacha nikakizika."

"Nilitaka uwe na cha kuzika."

Jambo la kutisha ni kwamba alisema kweli. Titinia aliiona ile kweli usoni mwake, imesimama wazi kama mbuzi barazani, haioni haya. Mtu huyu alimhurumia. Alimtupa mtoto wake, kisha akamhurumia yeye, na kwa macho yake mambo hayo mawili yalilala kitanda kimoja bila kugombania shuka.

Alinyanyuka. Ofilio alikuwa ameshika kile kifuko cha ngozi alichovaa shingoni siku zote, kinga ya macho, ndivyo alivyosema, kijicho kisimpate. Titinia alinyoosha mkono wake wenye udongo, akakivuta, kamba ikakatika. Ndani mlikuwa na nusu ya sarafu ya shaba, sestersi, imekatwa kwa patasi. Nusu ya uso wa mke wa Kaisari, akiwa bado msichana. Akaigeuza. Nusu ya Bibi Uzazi, bega lake na mkono mmoja ulionyooka kuelekea palipokatwa. Mtoto alikuwa upande wa pili.

Kila mtu Roma anajua nusu sarafu ni ya nini. Hufungwa shingoni mwa mtoto anayetupwa, ili siku moja, miungu ikipenda, nusu mbili zikutane.

"Bibi!" aliita Titinia. "Njoo hapa. Ulimweka wapi?"

Trifosa alikuja hadi kizingitini. "Soko la mboga. Kwenye ile nguzo ya maziwa, wanakokaa wanyonyeshaji. Nilimvalisha nusu yake. Sikuondoka, mama Prokulo, hilo nilimshinda mumeo. Nilijibanza kwa muuza vitunguu nikangoja."

"Na?"

"Alikuja mwanamke mwenye shela ya njano. Simjui. Si tajiri, viatu vyake vilishonwashonwa. Alisimama, akatazama huku na huku. Nikadhani atapita. Akainama, akamwinua. Akamweka ndani ya shela, akaenda zake. Ndicho ninachokijua, na nimekijua miaka kumi na minane."

"Hakumuuliza mtu?"

"Amuulize nani?"

Titinia alisimama na chuma kwapani na nusu sarafu kiganjani. Mwanamke mwenye shela ya njano. Hakungoja mwenye nyumba. Hakuuliza sheria inasemaje kuhusu mikono yake, kama inatosha kumfanya mtu awe mtu. Aliinama, akainua, akaenda. Na yeye, Titinia, aliyejiona mwanamke wa vitendo, anayewafokea wauza samaki na kuwachongea Makaisari watoto, tangu alfajiri alikuwa amesimama juu ya mjukuu wake akibishana.

Aliingia ndani. Aliliondoa bakuli lililofunika nta mezani na kuuweka ule muhuri kando ya kielelezo cha nta. Wanne wake walionekana wadogo na wasafi mbele ya kutu ile. Kisha akamwendea mtoto.

"Usifanye hivyo," alisema Ofilio. "Haina maana. Mikono ya mwanamke haimwinui mtoto, unajua. Mbele ya sheria ni kama hujafanya kitu."

"Sheria ya nani? Ya yule Kaisari wa kwenye sarafu?" Titinia alikuwa ameshapiga magoti. "Basi kile chuma pale mezani ni chake. Uliwaambia kimeyeyushwa. Wajua wanachowafanya wanaotorosha mihuri kiwandani. Siku utakayotaka kunipeleka kwa hakimu kwa kosa la kuinua mtoto, usinisumbue, njoo tu nacho mkononi, ukakielezee wewe kwanza."

"Ungenifanyia hivyo? Mimi?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kusema kweli, na lilikuwa swali la kweli.

"Asubuhi ya leo nisingekufanyia," alisema. "Sasa sijijui. Toka mbele ya mwanga."

Ofilio akasogea.

Titinia aliingiza mikono chini ya mtoto, mikono iliyojaa udongo mweusi hadi kwenye viwiko, akamwinua. Kilichomshtua, kati ya yote ya siku ile, kilichomfanya atoe sauti ambayo Apronia hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, ni kwamba mtoto alikuwa wa moto. Alikuwa anaunguza kama mkate uliotoka tanuruni sasa hivi. Alimkandamiza shavuni. Hakuwa amejua. Mwili wake ulikuwa umejifunza vibaya kwa miaka kumi na minane, na sasa ulipaswa kujifunza upya wakati amesimama.

"Shuhudieni," alisema, kwa vile kila jambo linataka shahidi. "Bibi, umeona. Apronia, umeona. Aliyemwinua ni mimi."

"Nimeona," alisema Trifosa.

Titinia akavuka pazia, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, udongo na yote. Apronia hakuuliza kama inaruhusiwa. Mtoto alitafuta, akakosa, akatafuta tena kwa hasira, akapata, na nyumba nzima ikanyamaza mara moja, isipokuwa ile sauti ndogo ya kumeza.

Nyuma yake Titinia alisikia Ofilio akikaa kwenye kigoda chake cha kazi. Alisikia kucha zake zikipapasa meza, zikitafuta, zikiugusa ule muhuri, zikiondoka. Hakugeuka. Aliifunga ile nusu sarafu kwenye ncha ya shela yake, mafundo mawili. Soko la mboga hufunguliwa hadi mchana. Wauza vitunguu hukaa pale pale vizazi na vizazi, nao hukumbuka watu kwa mavazi yao.

Lakini kwanza alinyoosha mkono rafuni, akachukua bakuli la maziwa na asali, akatupa jani la mtini, akalipeleka kitandani.

"Mama," alisema Apronia, akilitazama, "hili si la...?"

"Kunywa," alisema Titinia. "Lote."